Upande wa Kike

Wamenirudisha nyumbani na mfuko wa dawa
na kichwa kilichonyolewa nusu, mshono wake
kama reli iliyolazwa na fundi mwenye haraka.
Miaka ishirini na sita niliendesha tramu hapa Liepaja,
njia moja tu, kwenda na kurudi,
kila kona nikiijua kwa makalio kabla ya macho.
Sasa kutoka kitandani hadi chooni
ni safari ya vituo vinne, na kila kituo kina kiti.

Damu ilimwagika upande wa kulia wa ubongo
ikauchukua upande wa kushoto wa dunia.
Ndivyo alivyosema daktari, nami nikaitikia kwa kichwa
kama mtu anayetajiwa bei ya kitu asichokitaka.

Sioni giza huko. Hakuna pazia, hakuna ukuta.
Hakuna huko.

Skaidrite alinipakulia viazi, samaki na shibiti.
Nikala, nikafuta mdomo, nikauliza
tangu lini nyumba hii inakula viazi vitupu.
Hakujibu. Aliigeuza sahani nusu mzunguko
na samaki akatokea, mzima, na jicho lake,
akinitazama kama abiria niliyempita kituoni kwenye mvua.

Hapo nilicheka.
Siku nyingine sicheki. Friji inanguruma kama karakana,
mjukuu wangu Rasma anamenya pipi na karatasi yake
inanipasua kichwa; namfokea, anakwenda kukaa ngazini,
kisha nalala mchana kutwa na viatu. Kiatu, kwa kweli.
Ni yeye aliyenipokea bafuni nilipomaliza kunyoa:
"Babu, leo mko wawili."

Jumanne na Ijumaa huja Dzintra na mkoba wa mazoezi.
Chora saa, anasema. Nachora duara safi,
na tarakimu zote kumi na mbili nazibana upande mmoja
kama watu wa saa moja na nusu asubuhi
wanaogombea mlango wa mbele na wa nyuma uko wazi.
"Na huku?"
Huku wapi?

Basi akamwambia mke wangu: usikae anapokuona.
Kaa asipopajua. Sema naye ukiwa huko, akutafute.
Na Skaidrite, ambaye kwa miaka thelathini na nane
amelala kulia kwangu, upande wa dirisha,
alihamisha kiti, redio, kikapu cha sufi,
akahamia mkono wangu wa kike.
Neno hilo nimelitamka maisha yangu yote
bila kujiuliza nani anaishi huko.

"Skaidrite!"
"Nipo."
"Wapi?"
"Hapa."
Sauti haina mwili. Hapa yake haina mahali.

Jana alasiri sindano za kufumia zilinyamaza.
Nikasikia pua ikivutwa, polepole, kwa kificho,
pua ya mtu anayedhani kwamba asipoonekana hasikiki.
Nikageuka. Dirisha. Nikageuka tena: dirisha lile lile.

Fuata ukingo, Dzintra hufundisha, mpaka uishe wenyewe,
usiumalize wewe.
Nikaweka kidole kwenye ukingo wa meza, nikakisukuma.
Kitambaa. Chembe za mkate mweusi. Kisanduku cha vidonge,
Jumatano haijafunguliwa. Hapo kwangu meza iliishia,
ningeweza kuapa. Nikasukuma.
Kibakuli cha chumvi. Miwani, imekunjwa, ina unyevu.
Kucha. Pete. Kiganja kikageuka chini ya kidole changu.

Amevaa sweta ya kijani ambayo sijawahi kuiona.
"Mpya hiyo?"
"Ya wiki ya tatu leo," akasema, akapenga kamasi.

Chini barabarani tramu ya saa kumi na nusu ikalia kengele.
Simjui dereva.
Anafunga breki mapema mno pale kwenye kona.