Kitalu cha Kumi na Saba

Mbolea tunaipima kwa kizibo cha soda.
Kimoja kwa mstari. Viwili. Vitatu.
Bwana Mnyukwa alikuja na mzani wake wa kioo
lakini umeme wa Hombolo una siku zake,
kwa hiyo kizibo kikashinda,
na mimi, Yudita Chilewa, ndimi mkono wa kizibo.

Ngano aina nne, maji ya namna tatu:
vitalu vinavyokunywa kila siku ya nne,
vinavyokunywa nusu,
na vile vya mwisho, kando ya ua wa miiba,
vilivyonyweshwa mara moja, siku ya kupandwa,
vikaambiwa: haya, Dodoma ndiyo hii.

Penye maji, urea ilitimiza ahadi.
Kijani kikawa kizito, kijani cha kutilia shaka.
Aina ya Pili, kwa vizibo vitatu,
ilirefuka hadi ikalala chini kwa shibe,
tukaivuna kwa magoti.

Penye ukavu, vizibo vitatu vilikuwa uongo.
Ngano ilisikia harufu ya karamu,
ikatoa machipukizi saba,
ikajenga nyumba ya vyumba vingi
kabla ya kuuliza kisima kiko wapi.
Upepo wa Julai ukaja na vumbi lake jekundu.
Machipukizi manne yalikufa yamesimama.
Masuke meupe, mazuri kwa mbali;
ukiyafikicha unabaki na makapi na kiganja chako.

Naitrojeni bila maji, alisema Bwana Mnyukwa,
akaacha sentensi hapo, akafuta miwani.

Mwaka ule kikundi kilinikopesha
mara tatu ya nilichoomba.
Nami nilichipua.
Tuendelee na vitalu.

Cha kumi na saba: Aina ya Nne,
fupi, haina jina, ina tarakimu tu.
Ukavu. Kizibo kimoja.
Wiki sita nzima niliiona imenyamaza
nikadhani imekufa; kumbe inahesabu.
Ilitoa machipukizi mawili, haikuongeza,
na punje zake zilikuwa ngumu
kama meno ya mtoto.

"Ngapi?" aliuliza, kalamu juu ya daftari.
Gramu mia moja na arobaini.
"Ni kidogo."
Ni kidogo, nikasema. Lakini ipo.

Akaandika.
Nikafunga mfuko kwa kamba ya katani,
nikaukalia,
maana kwelea kwelea walikuwa wameshauona.