Fomu ya Daktari

"Kuna maradhi ya akili katika ukoo?"
Wolverhampton, mvua. Kalamu imefungwa kwa uzi.

Nikamkumbuka bibi, Gurnam Kaur,
aliyelala na viatu miguuni
tangu treni ya Lyallpur, mwaka arubaini na saba.
Tulisema: anaona baridi.

Nikamkumbuka baba. Usiku kiwandani,
mchana mlango umekomewa,
chapati zake tukiziacha kizingitini
kama za mfungwa.
Tulisema: amechoka tu.

Na mama, sauti ya chinichini:
watu wakisikia,
dada yako ataolewa na nani?

Nikaandika: Hakuna.

Usiku ule nikamfunika Ishmeet, miaka sita.
Chini ya blanketi, viatu vya shule,
kamba mafundo mawili mawili.

Nilitaka kumuuliza nani kamfundisha.

Nikatazama miguu yangu.