Mwaka kwa Tarakimu

Desemba, Viljandi. Jua limekwisha kuzama saa tisa alasiri;
Urve anawasha taa ya mezani
aanze kuuzika mwaka kwa tarakimu.

Mbio za skii, wanawake, kilomita kumi:
wa thelathini na nne. Anaandika.
Mieleka: shaba moja, Februari,
iliyopatikana kwa sekunde nne na goti lililovimba,
ila jedwali halina safu ya magoti.
Vitara, timu: dhahabu! Hapo hata yeye alipiga meza,
chai ikaimwagikia voliboli,
nayo, maskini, ilikuwa imekwisha kulowa kwa vipigo sita mfululizo.
Asiyekubali kushindwa si mshindani;
haya, lakini akubali mara ngapi?

Kandanda tuipite.
Au tusiipite: sare moja, ugenini, kwenye mvua ya mawe,
na Pärnu nzima ikalala ikiimba.

Chesi: mtoto wa Rakvere, miaka kumi na mitatu,
alimbania bingwa mfalme wake pembeni,
kisha akaomba ruhusa aende msalani, akalie.
Na bembea ya chuma, mchezo wao ambao hakuna aliyewaazima:
miguu imefungwa, unachuchumaa, unasimama,
unachuchumaa, unasimama,
hadi dunia ipite juu ya kichwa chako na kurudi chini.
Heldur Pihlak, mita sita na nusu. Salama.

Agosti. Kuruka viunzi, mita mia nne.
Mstari wa saba: Rannamets, Aive. H.M.

Hakumaliza.
Herufi mbili na nukta zake
kwa kiunzi cha nane, kwa ule mlio
kama kijiti kinachovunjwa ndani ya kitambaa,
kwa mama aliyeruka uzio wa jukwaa
akiwa na miaka hamsini na tisa
(hilo nalo halikupimwa muda).

Mhariri wa Tallinn ameleta barua:
karatasi imepanda bei, wasiomaliza watolewe.
Urve anaisoma mara mbili.
Anatoa tangazo la benki.

Chumba cha pili, Aive anaunyoosha mguu kwa ukanda wa mpira,
anahesabu kwa sauti: kumi, kumi na moja, kumi na mbili.
Kimya.
Kalamu inasubiri juu ya karatasi.

Kumi na tatu.