Namba 4117

Mtunza kumbukumbu amevaa glavu za kuoshea vyombo.
Analaza daftari mezani, anapuliza.
Vumbi la shaba, anasema, ukilifuta linahamia kwako.

Ukurasa wa tisini na tatu, wino wa zambarau:
Kasweshi Petro. Namba 4117.
Asili: Kabongo. Meno: kamili. Mke: hana.
Kovu, sikio la kushoto limechanika.

Nilitokwa na machozi, kwa sababu ndilo jina
nililoandikiwa shuleni, jina analolipaka baba
rangi nyeupe kila Novemba
kwenye msalaba wa chuma, makaburi ya Katuba.

Kisha mstari wa chini, kalamu ya risasi, mkono wenye haraka:
Amekufa. Mapafu. Machi 1929.

Babu alizaliwa 1934.

Basi nani alipanga foleni ya posho ya unga
Jumamosi baada ya Jumamosi, akaitika "Kasweshi!"
akamwoa bibi Mujinga, akazeeka Kamalondo
bomba la moshi likimwangalia dirishani?
Picha yake iko sebuleni tangu sijazaliwa.
Masikio yote mawili mazima.
Tulikuwa tunaipangusa tu.

Binamu Odilon alituma kichupa kutoka Liège.
Baba alitema mate akitugeuzia mgongo,
kama anayekojoa njiani.
Wiki tisa. Halafu jina geni: Spès, mkunga, wa Ngozi,
Burundi huko, damu yake na ya baba ni ya binamu.
Bibi yake alikuwa na kaka, Barutwanayo,
akachukuliwa na waandikishaji wa mgodi.
Walimlilia bila maiti, wakazika mkeka wake.

Alikiokotaje kitabu cha marehemu?
Kitanda cha jirani hospitalini? Kamari? Alimwibia?
Daftari limefika mwisho. Mate hayasimulii.

Novemba imefika. Baba amepiga magoti,
brashi mkononi, hajaichovya.
Nasubiri aseme jina lipi.

Anapaka Kasweshi, herufi kwa herufi, polepole
kuliko mwaka jana.
"Ule wa kwanza hakukuwa na bibi," anasema.
"Nani mwingine atamupakia rangi?"

Chini yake anaacha nafasi ya kiganja kimoja.
Anafunga kopo, anajifuta vidole kwenye majani.
"Nipe namba ya ule mama wa Ngozi.
Nitaka aniambie vile wanaiandika."