Uzi Mwekundu

Mwadzombo kaja na globu tatu mfukoni,
zote nzima, zote za bei,
kama mtu aliyebeba meno yake yaliyong'olewa bure.
"Kila fundi kaniuzia mpya," asema,
"na kila mpya huzimika pale pale,
nikikata kona ya kushoto kushuka Mtopanga,
nikiwa nimepakia.
Peke yangu, hapana.
Na hizi spoti mbili za pembeni
huifuata taa kubwa kama wapambe."

Nikamwambia washa.
Ikawaka.
Ikawaka bila haya ukutani mwa kinu cha kusaga,
hata vumbi la unga likaonekana linavyoelea.
Ndivyo yalivyo maradhi haya:
mbele ya mganga hupona.

Sikufungua kitu. Fundi anayeanza na bisibisi
ana haraka ya kula.
Nikauliza: ilinyeshewa lini?
Nani huiosha? Hulala wapi?
"Mkomani kwa shemeji, uani, bahari iko pale."
Nikaandika kiganjani: chumvi.

Betri, kumi na mbili na nusu, haina kesi.
Fyuzi nzima, ila miguu imesawijika.
Ethi ya chasi nikaikwangua kwa msasa mpaka chuma kikacheka.
Nikatingisha swichi. Nikagonga kioo.
Usukani kulia, kushoto, kulia.
Inawaka. Inawaka. Inanidhihaki.

Basi lete mzigo.
Pale kinuni Bi Mwanatumu alikuwa akingoja mahindi yake,
mtu wa kilo zake na heshima zake.
Nikamwomba apande nyuma.
"Nipande niende wapi?"
"Huendi popote, mama. Kaa tu uwe abiria."
Akakaa, mkoba mapajani, uso mbele,
kama aliyekwisha kulipa nauli.
Nikausukuma usukani kushoto, taratibu.

Konyo.
Ukuta ukaimeza nuru, ukaitema, ukaimeza.
Spoti zikafa pamoja nayo.
"Huyo!" Mwadzombo akapiga makofi. "Huyo ndiye shetani wangu!"
Bi Mwanatumu akataka kushuka.

Nikatoa tangi, nikaufuata waya wa bluu
kwa vidole, macho nimefumba,
kwa kuwa jicho huamini ngozi ya waya
na kidole huuliza mfupa.
Nyuma ya shingo ya usukani pana uvimbe:
mtu kaiba moto wa taa kubwa kulisha spoti,
bila rilei, bila risasi,
kasokota shaba kwa shaba, kaviringa nailoni ya maziwa.
Kona ikija, na mgongo ukilemewa,
shaba huachana mikono.

Nilifungua huku namtukana.
Mvivu. Mla vya watu. Huyu hakufunzwa na mtu.
Ndani, unga wa kijani, laini kama wanja.
Na chini ya unga, uzi mwekundu wa cherehani,
mizunguko saba, ncha imepindwa ndani.

Nikanyamaza.

Kisauni nzima ni mimi tu nifungaye kwa uzi huo;
marehemu mama aliniachia kopo tele.
Mwaka ule sikuwa na rilei.
Nilikuwa na kodi ya kibanda
na mteja aliyesimama, funguo mkononi.

"Hii uliinunua kwa nani?"
"Kijana mmoja wa Junda. Mbona?"
"Basi tu."

Nikakata mpaka shaba ikang'aa.
Spoti nikazipa njia yao kutoka betrini,
fyuzi yao, rilei yao, viungo vya risasi,
na pale shingoni nikaacha waya ulegee kidogo,
maana shingo lazima igeuke.
Bi Mwanatumu akapanda tena,
safari hii akidai afikishwe kwake, yeye na unga wake.
Kushoto.
Nuru ikakaa.

"Ngapi, fundi?"
"Lipa rilei. Kazi siihesabu."
"Mungu akuzidishie. Huna tamaa wewe."
Nikaitikia amina,
uzi mwekundu nimeufumbata kiganjani,
juu ya lile neno chumvi,
ambalo jasho lilikuwa limekwisha kufuta nusu yake.