Vipuli Vitatu

Nilichana nywele zake miaka arobaini na mmoja,
kwa hiyo nisikilizeni mimi, makarani waacheni.

Alikuja kwa mkokoteni wa nyumbu, siku ya vumbi,
binti wa Bendera ya Buluu. Baba yake akida
wa farasi thelathini na deni la nafaka.
Wasichana walipangwa sita sita uani,
barafu bado imeng'ang'ania vigae.
Towashi mkuu akakagua meno, shingo, nyayo,
nyayo pana, nzima, za sisi tusiofunga miguu,
kisha masikio: matundu matatu kila upande,
kama yalivyotobolewa ya bibi zetu
kule kaskazini kwenye misonobari.
"Jina?"
"Nichuhe." Yaani lulu.
Akaandikwa daraja la sita:
nyama ratili moja kwa siku, mshumaa mmoja kwa usiku.

Miaka mitatu kibao chenye jina lake
kililala kwenye sinia la fedha bila kugeuzwa.
Alijifunza kusimama juu ya kiatu chenye kisigino cha katikati,
alijifunza nani anakohoa vipi.
Usiku kibao kilipogeuzwa, mimi sikuwapo, siongezi chumvi.
Najua tu kwamba asubuhi aliomba uji wa mtama
akalala hadi jua la utosi.

Mwana alichukuliwa kabla maziwa hayajashuka.
Ndiyo desturi: hulelewa na mke mkubwa.
Nilimfunga kifua kwa kitambaa, nikakaza.
Yalipita tu, yakaacha doa kwenye hariri.
Akakataa lifuliwe.

Mfalme alifia mawindoni. Mtoto ana miaka mitano,
na mke mkubwa hakumaliza majira ya baridi.
(Msiniulize.)
Wakamwita Mama wa Mfalme,
wakatundika pazia la manjano nyuma ya kiti cha enzi,
naye nyuma ya pazia akawajua mawaziri kwa buti zao.
Uzi mwekundu ukapita chini ya pazia,
kutoka kidole chake hadi kifundo cha mguu wa mtoto.
Mvuto mmoja: keti vizuri.
Miwili: sema, "Tutalitazama."
Mitatu: hapana.

Mitatu ilimfikia Waziri Yarhuda.
Alipelekewa kamba nyeupe ya hariri, imekunjwa kwenye kijaluba.
Mimi ndiye niliyeshika taa alipokuwa akitia muhuri.
Mkono haukutetemeka. Wangu ulitetemeka.

Mwaka wa kumi na mbili, alfajiri, akavuta uzi
ukagoma kama jiwe.
Mwanawe alikuwa ameufungua polepole,
akaufunga kwenye mguu wa kiti.
Hakusema neno.
Aliuvuta kila alfajiri mpaka masika yakaisha,
mmoja, miwili, mitatu,
na kiti kikatii.

Uzeeni tulizungumza lugha ya nyumbani, sisi wawili tu.
Tulikuwa na neno la theluji inayoshika kwato.
Tukalitafuta siku nzima, tukalikosa,
akacheka hadi akashikwa na kikohozi.

Vipuli nilivivua mwenyewe. Vitano vilitoka.
Cha sita, cha juu, kushoto, kilidondoka chenyewe:
tundu lile liliziba mwaka wa maziwa,
na kila asubuhi tulikibandika kwa nta,
yeye akishika kioo, mimi nikipuliza.