Mzunguko wa Mia Sita na Kumi na Mbili

Fumua, Mihayo.
Usinitazame hivyo. Fumua.
Nimeuona mzunguko wa mia sita na kumi na mbili
umepanda mgongoni kwa mwenzake,
palepale ulipogeuka kumtajia muuza asali
bei ya kusuka upya feni yake.

Unasema vanishi itaficha.
Itatuficha sisi.
Umeme hautazami, unapapasa,
na penye upenyo wa unywele ndipo unapopapenda.

Nililijua hilo kabla hujazaliwa,
nikalipuuza mara moja:
mota ya mashine ya kusaga, Igalula, mwezi wa mavuno,
nyaya mbili zimelaliana, nami nina haraka ya gari-moshi.
Nikapaka vanishi nene, ikang'aa kama kiatu cha bwana harusi.
Siku ya tatu, moshi.
Wanawake wakarudi na mahindi yao mazima vichwani,
kilomita kumi na moja,
na hakuna aliyenitukana.
Hilo ndilo linalonikera hadi leo.

Kwa hiyo fumua. Bomba lianike tena,
juzi lililala nje, umande wa Isevya bado umo ndani yake.
Nta ya Sikonge nimeshaiyeyusha, tutaipaka polepole, bila mapovu.
Chupa za soda kumi na nne, maji ya chumvi, mafuta ya kula juu;
ile yenye ufa mrudishie Nyanzala, hata kama ni ya bure.

Waya wa ardhi (sikia hili, mengine yakikupita)
usiuunge na nyaya za nyumba, Bi Mwamini ana televisheni mpya.
Uchimbie chuma chake wenyewe, mita mbili, umwagie maji.
Na transfoma ya lile bango la baa iliyofungwa
haina urafiki na mtu.
Chomoa kwanza. Subiri.
Gusisha chupa kwa fimbo yenye waya. Subiri tena.
Mkono wa kushoto mfukoni.
Mfuko umetoboka, najua. Uweke hivyo hivyo.

Leo cheche haitoki. Kesho pengine isitoke,
tukae tukisogeza kibanio kwenye koili nene ya chini,
kidole kwa kidole, mpaka koili mbili ziitikiane.

Haya. Mimi nashika bomba, wewe hesabu kwa sauti,
na mteja akibisha hodi
asubiri.

Mia nane na tatu.
Mia nane na mbili.